Kipande cha Kumi na Nne

Ozella Baskin alikuwa na ekari tano za ardhi ambazo hakuwahi kuzikanyaga, na hata angetaka asingeweza, maana zilikuwa kinamasi kitupu, maji ya kiunoni na mamba wamelala humo. Alipewa na kampuni ya Jubilee, ile yenye bustani kubwa ya burudani, majumba ya kifalme ya saruji na hoteli zisizohesabika. Hakupewa kwa mapenzi. Sheria ya wilaya ya Lake Oletta, ambayo wakubwa wa jimbo la Florida waliipitisha zamani kwa ajili ya kampuni hiyohiyo, ilitaka kila mjumbe wa baraza la wilaya awe na ardhi ndani ya wilaya. Na ardhi yote ya wilaya ilikuwa ya Jubilee. Basi kila aliyetakiwa kuwa mjumbe alimegewa ekari tano za matope, akaitwa mwenye ardhi, akaapishwa.

Cleophus, mdogo wake, fundi magari mstaafu mwenye ulimi usiolala, hakuacha kumtania.

"Habari za shambani, dada? Mamba wamezaa?"

"Cheka tu. Baba alitoka kwenye ardhi hii na kitanda kichwani. Mimi nimerudi na hati mkononi."

"Hati umepata, sikatai. Na ile karatasi ya pili je?"

Ozella alibadilisha mazungumzo. Siku alipopewa hati, wakili wa kampuni, Bwana Preston Whitlow, alimsogezea karatasi nyingine, iliyosema kwamba yeye Ozella Baskin anairudisha ardhi ile kwa Jubilee. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa isipokuwa tarehe. "Utaratibu tu, Bi Ozella," alisema Whitlow huku akimfungulia kalamu. "Siku ukichoka na sisi, tusikusumbue kuja tena mjini kutia sahihi." Wajumbe wote watano walitia sahihi karatasi kama ile. Zilikaa kwenye kabati la Whitlow, tano, zikisubiri tarehe.

Ozella aliisahau. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minane katika chumba cha kufulia cha Jubilee, akianzia kukunja mataulo na kumalizia akiwa mkuu wa wafuaji mia mbili, ana mengi ya kukumbuka kuliko karatasi. Alifua mavazi ya vikaragosi vya bustani, Kasa Mcheshi na Malkia wa Matone, mpaka akajua jasho la kila kijana aliyeyavaa. Alifundisha vizazi vya wafanyakazi kanuni ya kwanza ya mahali pale, kwamba takataka haikai chini zaidi ya dakika mbili. Alipostaafu wakamwita kwenye baraza, mwanamke mweusi wa kwanza, na picha yake ikatundikwa ukumbini akiwa na shada la maua. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa, tena kikampendeza.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kuchekesha kama si wa kusikitisha. Kura ya wilaya ile haikuhesabiwa kwa kichwa. Ilihesabiwa kwa ekari. Kila mjumbe alikuwa na kura tano, na Whitlow aliingia ukumbini na kura elfu ishirini na tatu za kampuni ndani ya jalada moja jembamba. Dakika saba, uchaguzi umekwisha, watu wanakula keki. Kisha baraza lile ndilo lililokuwa serikali. Lilikuwa na wazima moto wake na mifereji yake, na lilitoa vibali vya ujenzi. Mkazi mwingine wa Florida akitaka kupanua jiko lake, lazima apige foleni kwenye ofisi za kaunti. Jubilee ilijiomba ruhusa yenyewe na ikajikubalia.

Walikuwa na njia yao ya kwenda haraka. Mambo waliyoyaona madogo yaliwekwa kwenye orodha moja, nayo ikapitishwa kwa mkupuo, bila kusomwa. Mwenyekiti, mzee Hartsfield, aliuliza, "Nani anaunga mkono?" Na kwa miaka sita jibu lilitoka kwenye kiti kimoja. "Naunga mkono, Bwana Mwenyekiti," alisema Ozella. Ikawa kama kazi yake. Wenzake walikwisha kuacha hata kufungua midomo. Alipenda kusikia sauti yake ndani ya kile kipaza sauti, asisingiziwe bure, alipenda kweli.

Jumamosi moja ya Mei, kabla ya sikukuu ya akina mama, Ozella na Cleophus walikwenda kusafisha makaburi ya kwao kama kila mwaka. Yalikuwa kumi na moja, chini ya mwaloni mkubwa, mahali palipokuwa nyuma ya shamba la machungwa la baba yao. Baba aliliuza shamba miaka ya sitini kwa mnunuzi ambaye hakuna aliyemjua, na baadaye ndipo ikajulikana kwamba mnunuzi alikuwa Jubilee. Kuhusu makaburi aliahidiwa kwa mdomo kwamba hayataguswa, akapeana mkono na mtu, yakaisha. Hapakuwa na jiwe hata moja lenye jina, maana jiwe la kuchongwa halikuwa la watu kama wao. Kwa desturi ya kwao, mtu akizikwa, sahani aliyolia chakula chake cha mwisho inavunjwa juu ya kaburi, ili mnyororo wa kifo ukatike na mauti yasirudi kumchukua mwingine wa nyumba ileile. Zilikuwapo sahani, makombe ya baharini, na saa ya bibi yao Sabra, mishale yake imesimamishwa saa aliyokata roho.

Siku ile walikuta vigingi vyenye utepe wa waridi. Chini ya mwaloni palikuwa peupe, pamekwanguliwa. Vipande vyote vya vyombo vilikuwa ndani ya kontena la taka kando ya njia, na saa ya bibi ilikuwa juu yake, kioo kimepasuka.

Kijana mpima ardhi aliyekuwa pale hakuwa mtu mbaya. Aliwaonyesha karatasi zake. "Hapa ni kipande cha kumi na nne, mama. Maegesho mapya. Tingatinga linaingia Jumatatu baada ya kikao cha Juni. Wameandika jaa la zamani. Vyombo vilivyovunjika, saa mbovu, makombe. Kusafishwa."

"Jaa?" Cleophus alisema. "Jaa? Bibi yangu mimi ni jaa?"

"Mimi naletewa tu karatasi, baba. Baraza lilipitisha Agosti iliyopita."

Ozella alivaa miwani. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili. Orodha ya mkupuo, ilisema, vipengele ishirini na sita, imepitishwa kwa kauli moja. Hoja imeungwa mkono na O. Baskin.

Aliisoma mara tatu. Hakuna aibu aliyowahi kuionja iliyofanana na ile, hata siku mgeni mmoja wa hoteli alipomtupia shuka usoni. Cleophus alimpokonya karatasi, akasoma, akamgeukia dada yake.

"Ulisema ndiyo," alisema.

"Sikusoma, Cleo."

"Najua hukusoma. Nani asome? Wewe kazi yako ilikuwa kuitikia!"

Alisema kweli. Walirudi nyumbani, saa ya bibi ikiwa juu ya mapaja ya Ozella, imefungwa kwenye turubai la plastiki walilokuja nalo kufunikia maua.

Wiki nzima Ozella alisoma kitabu cha kanuni za baraza, kile ambacho tangu akabidhiwe kilikuwa kimeegemeza mlango wa jiko. Akakuta kitu. Jambo lililokwisha kupitishwa linaweza kurudishwa mezani, lakini kwa hoja ya mjumbe aliyelipigia kura ya ndiyo tu. Yaani ule mdomo wake uliomzika bibi mara ya pili ndio huohuo unaoweza kumfukua. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kisicho na furaha, kisha akapiga moyo konde. Aliandika hoja kwa mkono, akaipeleka ofisini, ikagongwa mhuri.

Siku tatu baadaye Whitlow alibisha hodi, pai tamu ya kokwa za pikani mkononi. Mtu wa tabasamu, asiyepandisha sauti, viatu vinang'aa. Ozella alimkaribisha sebuleni, akampa chai baridi ya sukari, kwa sababu alilelewa hivyo.

"Bi Ozella, umetushtua. Sote tunaumia kwa ajili yako."

"Mnaumia wapi? Nionyeshe."

Whitlow alicheka kidogo. "Wataalamu wamekwenda. Wamesema hapana makaburi. Hapana mawe, hapana majina, kaunti haina kumbukumbu. Una karatasi yoyote?"

"Nilikuwapo, Bwana Whitlow. Nilikuwa na miaka minane. Nilishika taa ya bibi kanisani na nikatembea mpaka pale. Sahani niliivunja mimi kwa mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Nakuamini. Moyoni nakuamini kabisa. Lakini baraza haliwezi kusimamisha maegesho ya magari elfu tatu kwa kumbukumbu ya mtoto."

"Kaunti ilikuwa haiandiki watu weusi waliokufa. Sasa mnatuuliza karatasi. Mnatuuliza mkijua!"

Whitlow aliukata ukingo wa pai kwa uma bila kula. "Unajua," alisema taratibu, "mwaka huu bado hatujapitia majalada ya wajumbe. Kuna makaratasi ya zamani mle. Sipendi kuyagusa. Ondoa hoja yako, tutakuwekea kibao kizuri pale kwenye mwaloni. Mwaloni tunaubakiza, unaleta kivuli."

"Kibao kitasema nini?"

"Kitasema zamani palikuwa na shamba la machungwa."

"Chukua pai yako," Ozella alisema.

Jioni alimweleza Cleophus kwenye simu. Cleophus alishusha pumzi. "Watatia tarehe, dada. Wameshakwambia."

"Hawathubutu. Picha yangu iko ukutani. Mwanamke mweusi wa kwanza, magazeti yalikuja. Wanitoe kwa sababu ya makaburi ya watu weusi? Hawana uso huo."

"Picha ni ya kwao. Ukuta ni wa kwao. Wewe hapo una nini?"

"Nina kiti."

"Haya. Tutaona hicho kiti kina miguu mingapi."

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Ozella alivaa suti ya samawati ya kanisani na kofia yake. Cleophus alikaa nyuma kabisa, mikono amefunga kifuani. Ozella alikuwa ameandika maneno yake kwenye kurasa mbili, ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka sauti imeacha kutetemeka. Alitaka kuwaambia kuhusu sahani. Aliamini, na huu ndio uliokuwa ujinga wake wa mwisho, kwamba watu wanne wenye wazazi waliokufa wakielezwa maana ya sahani hawawezi kuliita kaburi jaa.

Mwenyekiti Hartsfield alifungua kikao. Ozella akainua mkono. "Bwana Mwenyekiti, nina hoja ya kurudisha mezani..."

"Samahani, Bwana Mwenyekiti." Whitlow alikuwa amesimama. Hata hakumtazama. "Kabla hatujaendelea. Ofisi yangu imesajili jana alasiri uhamisho wa ekari tano, kutoka kwa Bi Baskin kwenda kwa kampuni. Sahihi ni yake, imeshuhudiwa. Kwa hiyo tangu jana Bi Baskin si mwenye ardhi wa wilaya hii, na kwa mujibu wa sheria si mjumbe. Tunamshukuru sana kwa utumishi wake."

Ozella alitoa macho. Karatasi ilikuwa imewekwa mbele ya mwenyekiti, naye aliiona sahihi yake kutoka pale alipoketi, O kubwa ya mviringo aliyofundishwa shuleni, nzuri, haina wasiwasi. Pembeni yake tarehe ya jana, kwa wino mpya, mwandiko wa mtu mwingine.

"Jana nilikuwa nyumbani napika," alisema. "Sikuuza kitu. Muulizeni mdogo wangu. Sikuuza kitu!"

"Bi Ozella," mwenyekiti alisema kwa upole wa kuudhi, "kipaza sauti ni cha wajumbe."

Kilizimwa. Kweli kilizimwa, taa nyekundu ikafa mbele yake. Hakuondoka. Alibaki ameketi na kurasa zake mbili, kwa sababu hakujua aondoke vipi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa. Mwenyekiti akakohoa, akageuza ukurasa.

"Orodha ya mkupuo. Vipengele thelathini na moja. Nani anaunga mkono?"

Hakuna aliyejibu. Miaka sita walikuwa hawajajibu, hawakujua tena kwamba ni kazi yao. Kisha wote wanne, mwenyekiti pamoja nao, wakageuza vichwa kwa mazoea wakamtazama Ozella. Walimsubiri. Alitazamana nao mmoja mmoja, na wa kwanza kutambua walichokuwa wanasubiri alikuwa mzee Hartsfield, akainamisha macho kwenye karatasi zake, masikio mekundu. Mjumbe wa mwisho, mwenye duka la boti, akanong'ona kwamba anaunga mkono.

Nyuma ya ukumbi Cleophus alikuwa amesimama. Alimpa dada yake mkono, wakatoka. Mlangoni msichana wa ofisi alimkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya shukrani na kadi ya dhahabu ya kuingia Jubilee bure maisha yake yote, yeye na mgeni mmoja.

Walihangaika, isije ikasemwa hawakuhangaika. Mwanasheria wa kanisa aliisoma karatasi ile, akawauliza kama sahihi ni ya Ozella kweli, akawarudishia. Gazeti moja liliandika kwenye ukurasa wa ndani. Tingatinga liliingia Jumatatu, kama lilivyopangwa.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ileile ya Mei, Ozella alimpigia Cleophus. "Nipeleke kwa bibi."

"Mimi siingii kwao."

"Huingii. Unaegesha tu. Nina kadi."

Waliingia kwa kadi ya dhahabu. Lami ilikuwa nyeusi mpaka macho yanaposhindwa, na kila safu ilikuwa na kibao cha kikaragosi ili wageni wasisahau magari yao. Mwaloni ulikuwapo kweli, katikati ya kisiwa kidogo cha nyasi za kununua. Ilikuwa Safu ya Kasa Mcheshi. Cleophus alisimamisha gari, akakataa kushuka, akashika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha.

Ozella alihesabu hatua kutoka kwenye shina, tisa kuelekea machweo. Kwenye mfuko alikuwa na sahani ya bluu, ya mwisho ya seti ya bibi Sabra, aliyokuwa ameitunza kabatini miaka hamsini na tano. Vipande vyote wale wa Jubilee walivitoa, mnyororo wa kifo umeungana tena, na yeye hakutaka kusubiri kuona utamchukua nani. Aliinama, magoti yakilia, akaiweka sahani juu ya lami, kwenye nafasi tupu kati ya mistari miwili myeupe. Akaanza kutafuta jiwe. Hapakuwa na jiwe mahali pote pale.

"Mama, sogea tafadhali!" mwelekezaji wa magari alipaza sauti, akipunga vijiti vyake. "Tunajaza safu! Njoo, njoo, njoo mpaka mwisho!"

Gari kubwa jeupe likaja, watoto nyuma wamevaa kofia zenye masikio ya kuchezea. Ozella alirudi nyuma. Tairi lilipita juu ya sahani, nayo ikalia mara moja.

Dereva akashuka mbio, mwanamume mnene wa kaptula, amepigwa na butwaa. "Mungu wangu, samahani sana! Ilikuwa yako? Nitakulipa, mama, niambie tu."

"Acha, mwanangu," Ozella alisema. Sauti ilikuwa imetulia kuliko alivyotarajia. "Ilikuwa ya kuvunjwa."

Aliinama kidogo kuona. Ilivunjika vizuri, vipande sita au saba, bluu juu ya weusi, karibu kabisa na mahali ambapo alivunja ile ya kwanza akiwa na miaka minane. Kwa muda mfupi alihisi bibi amerudishiwa kitu chake, na machozi yakamtoka, hakujikaza.

Kisha akasikia magurudumu madogo. Kijana wa sare safi alikuwa amefika na kitoroli cha taka, fagio na beleshi lenye mpini mrefu.

"Usijali, mama," alisema akitabasamu. "Takataka hii tunaiondoa sasa hivi."

"Niachie hapo, mwanangu. Nakuomba."

"Siruhusiwi. Watoto watajikata."

Hazikupita hata dakika mbili. Alifagia kama inavyotakiwa, kutoka nje kuja ndani, akapiga magoti kutazama chini ya gari kama kimebaki chochote, akakikuta kipande kimoja, akakitoa kwa vidole. Ozella alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuona kosa lolote.